Chai ya Mchana

Saa nne asubuhi, siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, Bi Kijakazi alikuwa keshauza vikombe kumi na viwili vya uji nyuma ya hospitali, Chake Chake, na yeye mwenyewe mate yamemkauka. Mgahawa wake ni benchi mbili, jiko la gesi na pazia la khanga nne zilizoungwa, maana mwezi huu chakula cha mchana hakitakiwi kuonekana mjini. Hoteli zote zimefunga milango. Lakini mgonjwa haachi kuumwa kwa kuwa mwezi umeandama, na vidonge vingine ukivimeza na tumbo tupu vitakutapisha. Basi akapewa kibali awauzie wagonjwa wenye kadi ya hospitali tu. Kibali chenyewe kilimla wiki tatu na ofisi nne. Sukari imepanda tangu Shaabani, mkate wa boflo umesinyaa mpaka unaenea kiganjani.

Kuonja haonji. Miaka arubaini na sita anafunga, na siku alizokula kwa uzazi alizilipa zote.

"Mjaka, hebu nionjee. Sukari imekolea?" alimwambia mteja wake mwenye vidonda vya tumbo.

"Imekolea, bi. Leo umetuhurumia."

Akaingia msichana mmoja, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jina lake Nahla, wa kijiji cha Msuka. Siku tatu analala sakafuni wodini, chini ya kitanda cha mamake.

"Una kadi, mwanangu?"

"Sina, bi. Mgonjwa ni mama." Akainamisha uso, akapunguza sauti. "Miye siku zino sina sala. Sijala tangu jana magharibi."

Bi Kijakazi hakuuliza zaidi. Kila mwanamke analielewa hilo, na dini inalielewa: mwenye hedhi hafungi. Kibali tu ndicho kisicholielewa. Akamwekea chai na kipande cha boflo.

Nahla hajapiga funda la pili, pazia likafunuliwa. Alikuwa Othman, mkaguzi wa baraza la mji, shati limenyooshwa, daftari kwapani. Si mtu mbaya. Ametumwa majina ya wanaokula mchana, na akirudi na daftari jeupe ataulizwa kutwa alikuwa wapi.

"Assalamu alaykum. Kadi zenu."

Mjaka akatoa yake. Nahla akakishusha kikombe.

"Weye, unaumwa nini?"

Pazia lilikuwa wazi. Wanaume waliopanga foleni kwenye dirisha la dawa waligeuza shingo, wengine kwa umbea mtupu. Nahla aliuvuta mtandio mpaka machoni. Angesemaje neno lile mbele ya umati ule?

"Mzima wa afya, mwezi mtukufu, mchana kweupe," alisema Othman. "Jina lako, na la babako. Sheha wa kijiji chenu ataarifiwa."

Bi Kijakazi akakivuta kikombe upande wake.

"Chai ino yangu miye. Huyu kaja kuniuliza njia tu."

"Yako wewe, Bi Kijakazi?"

"Yangu."

Mama mzazi wa Othman husimama bega kwa bega na bibi huyu kwenye tarawehe kule Wawi. Alijua anadanganywa, na watu walikuwa wanamtazama.

"Kama yako, imalize."

Othman alidhani atakiweka kikombe chini. Bi Kijakazi aliogopa, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mtu au maradhi. Alitamka bismillahi kimoyomoyo, kisha akaona haya kuitamka. Akanywa. Chai ilishuka kooni, na mwili wake, uliokuwa mkavu tangu daku, ukaifurahia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akanywa mpaka machicha.

Nje mtu mmoja alisema, "Astaghfirullah, mtu mzima."

Othman aliandika jina la Bi Kijakazi, akakichomoa kibali msumarini.

"Nisamehe, mamaangu. Ni kazi. Gari itakuja kuchukua jiko na benchi."

Alipoondoka, Mjaka alibaki na vidonge vyake kiganjani.

"Bi, na kesho sisi tule wapi?"

Bi Kijakazi alirudisha pazia, akamimina kikombe kingine, akamsogezea Nahla.

"Siwezi, bi," Nahla alisema huku analia. "Wallahi siwezi."

"Kunywa, mwanangu. Kunywa upesi, gari haijafika."