Gari la Machela Nne

Lyman Tuttle alijaza mchanga kwenye debe la biskuti, akaumwagia petroli, akawasha na kuteleka chai. Kwao Marekani alikuwa akisambaza maziwa. Huku vitani, jangwani Libya, alijitolea kuendesha gari la wagonjwa, bila mshahara wala cheo. Yeye na mwenzake Ellsworth walinyoa ndevu kwa kikombe kimoja cha maji, kisha wakayamimina kwenye rejeta ya gari. Baadaye Ellsworth, aliyekuwa akifagia mchanga ndani ya gari, alirudi na habari kwamba limerefuka.

"Kwa kiasi gani?"

"Nimetembea mpaka njaa imeniuma, na mwisho sijauona."

Wakanywa chai kwanza.

Kwenye hema la daktari walikuta majeruhi kumi na wawili. Mmoja wao, Rawiri, mpishi wa kikosi cha Wamaori, alikuwa na kipande cha chuma pajani. Daktari alisema asipofika hospitali kabla ya jua kuzama, mguu utakatwa. Lyman akamwahidi nafasi, na baada ya wanne wa kwanza akampakia yeye.

"Kaka, humu ningefuga kondoo," Rawiri alisema akitazama huko nyuma.

Meja Pethick akaja na kitabu chake cha kanuni. Alilipima gari kwa hatua, akachoka, akamalizia kwa pikipiki. Akaandika: mita mia mbili na kumi. Sababu hakuuliza. Alisema tu kwamba gari la aina hii hubeba machela nne, basi zitabebwa nne.

"Afande, humu kikosi kizima kinaenea," Lyman alisema.

"Kinaenea. Hakiruhusiwi."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Aliamuru mkiani pafungwe kitambaa chekundu kwa usalama, na Ellsworth akapewa baiskeli ya kuwapelekea wagonjwa maji.

Rawiri akashushwa, akalazwa mchangani na wenzake saba. Lyman alisimama pale, kofia mkononi.

"Nenda, muuza maziwa," Rawiri alimwambia. "Yasije yakachacha."

Gari likaondoka polepole. Wale wanne, kila mmoja na sebule yake, hawakuonana njia nzima. Madirisha matupu yalipita mbele ya Rawiri, moja baada ya jingine, na kivuli cha gari kikamfunika muda wa kuvuta sigara nzima. Kisha jua likarudi.