Zamu ya Kunibert

"Usiling'oe kwa pupa," alisema Bibi Irmtraud. "Anselm hakupenda kuharakishwa."

Gerwin, mchimba kaburi wa kijiji, akalegeza mtaimbo. Kaburi la Anselm lilikuwa limetimiza miaka yake thelathini, na barua ya halmashauri ilishafika: jiwe liondolewe, nafasi apewe marehemu mwingine. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni hadi nusu ya mnara wa kanisa. Ng'ombe walisikika tu, hawakuonekana.

"Atalala nani hapa?"

"Atakayetangulia, Bibi. Tunafuata safu. Hakuna kuchagua."

Bibi, mwenye miaka tisini na moja, akaketi juu ya jiwe la mumewe. "Basi ni Kunibert. Daktari kampa wiki mbili. Miaka yote hii najua nitalala hapa, leo msaga unga mkoromaji ndiye alale na mume wangu!" Alicheka, kisha akalia waziwazi, na Gerwin akaumia moyo.

Haikuwa kazi yake, lakini alasiri alikwenda kwenye kinu cha maji cha Kunibert. Mzee alikuwa kitandani, hajala siku nne. Gerwin akamweleza yote. Mzee akatazama dari, maji ya kinu yakipita chini ya sakafu.

"Kaniita mkoromaji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwaka hamsini na mbili alininyima densi kwa ajili ya huyohuyo Anselm." Akajiinua kwa kiwiko. "Niitie binti yangu. Nataka supu ya viazi. Na soseji."

Kula kukawa kazi. Daktari alikuja, akakuna kichwa, akaenda zake. Novemba Kunibert anakula. Krismasi anakula, machozi yakimtoka kwa kichefuchefu. Bibi Irmtraud alipoambiwa sababu, alimpelekea sufuria ya kabichi. "Mwambie sitamchelewesha sana," alisema.

Bibi alifariki usingizini mwezi wa Februari, na tangu vuli hakuna aliyemtangulia. Gerwin alipasua barafu kwa sururu kutwa nzima, akamweka kwa Anselm wake.

Kunibert aliletwa mazishini kwa kiti, amefungwa mablanketi matatu. Alitupa konzi yake ya udongo, akajifuta mkono.

"Na nafasi inayofuata?"

Gerwin akaonyesha kwa koleo. Theluji ilikuwa haijaguswa, ila nyayo za sungura aliyekatiza asubuhi.

Kunibert akapatazama kwa muda mrefu.

"Upepo haufiki hapo," alisema.