Sehemu Moja ya Kumi na Tisa

Verlene Goodloe alikuwa katikati ya kukunja mashuka simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa aproni. Katika chumba cha kufulia cha nyumba ile ya wazee, mjini Cleveland, kupokea simu kazini lilikuwa kosa. Lakini namba aliijua: ofisi ya mpango wa akiba. Akajibanza nyuma ya mashine ya kukaushia.

"Bi Goodloe, ufike leo kabla ya saa kumi," alisema Bi Kessler, msichana aliyeshika faili lake. "Kuna jambo limejitokeza."

"Jambo gani tena? Si uliniambia kila kitu kipo sawa?"

"Njoo tu tuzungumze."

Watu wa ofisini siku hizi hawana habari mbaya, wana jambo tu. Verlene akaenda kumwomba msimamizi ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa mbili.

"Silipi saa hizo," msimamizi alisema bila kuinua kichwa.

"Lini umewahi kulipa za bure?"

Alitembea, maana nauli ilikuwa imepanda tena. Miaka mitatu alikuwa ameweka dola sitini kila mwezi bila kuruka hata mmoja, na kwa kila dola yake mpango ulikuwa umeahidi kuongeza tatu, mradi zote ziende kwenye nyumba ya kununua. Alihudhuria masomo kumi na mawili ya lazima, ambako kijana mwenye tai aliwafundisha maskini waache kunywa kahawa za dukani. Verlene hakuwa amenunua kahawa ya dukani tangu mama yake afariki. Sasa nyumba ilikuwa imepatikana, ndogo, jiko la manjano, dirisha linaloangalia mti wa plamu. Ijumaa ilikuwa siku ya kusaini. Pazia la dirisha lile alikwisha kulinunua, lilikuwa chini ya kitanda chake.

Bi Kessler alimgeuzia kompyuta. "Hapa inaonyesha unamiliki nyumba Alabama."

Verlene alicheka mpaka akashika meza. "Ile ya bibi? Mwanangu, ile haina paa! Mti umeota sebuleni."

"Jina lako limo kwenye daftari la kodi la kaunti."

Kicheko kikamkauka. Bibi yake alikufa bila wosia, na kwa desturi ya kwao nyumba na shamba vikabaki vya ukoo mzima. Sasa walikuwa warithi kumi na tisa, na kila Desemba kila mmoja alituma dola arobaini za kodi. Mama alipofariki, Verlene mwenyewe ndiye aliyemwomba binamu yake Otha amwandikishe mahali pa mama. Hakuna aliyemlazimisha. Angenyamaza, ofisi isingejua kitu. Lakini aliona aibu jina la mama lifutwe na pasiwe na mtu pale.

"Mpango ni wa watu wasio na nyumba," alisema Bi Kessler. "Ndivyo sheria ilivyo, si mimi."

"Sehemu moja ya kumi na tisa! Nilale wapi hapo, mlangoni?"

Bi Kessler hakujua aangalie wapi. Alisukuma karatasi mezani. "Jaza hii. Unajitoa, sehemu yako inakwenda kwa ndugu yeyote umtakaye. Nitaipeleka mwenyewe kwenye kamati, na Ijumaa unapata funguo. Tafadhali, Bi Goodloe. Miaka mitatu yote hii."

Verlene alitoka kwenye korido akampigia Otha, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyebaki kule Alabama kuangalia makaburi ya ukoo.

"Binamu, nataka nikuachie sehemu yangu." Akamweleza yote.

"Hakuna ubaya kabisa, mdogo wangu," Otha alisema. "Nyumba yenye paa ni nyumba, hii yetu ni kichaka. Nitakwenda kaunti wakufute. Na Desemba sitakusumbua tena na simu zangu."

"Hunisumbui."

"Aa, mambo yale marefu. Utapumzika."

Mambo yale yalikuwa hivi: Jumapili ya kwanza ya Desemba Otha aliunganisha simu zote kumi na tisa, akasoma majina kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kila mmoja alipoitwa akajibu, "Nipo." Wengine hawakusikia vizuri, wengine walibishana, mmoja kila mwaka alisahau kuzima televisheni. Ndipo wakakumbushana kodi.

"Na mama?" Verlene aliuliza.

"Mama yako nani atamtoa? Yupo nyuma ya nyumba, nimempalilia juzi."

"Na mimi, siku yangu ikifika?"

Otha alikohoa. "Pale ni pa wenye majina kwenye daftari, unajua wazee walivyopanga. Lakini huko kwenu si yapo makaburi mazuri?"

Verlene akamuaga, akakata simu. Nani mwingine aliwahi kumpigia? Msimamizi, akitaka mtu wa zamu. Bi Kessler, akiwa na jambo. Alikuwa mpweke, na siku zote alikuwa akijiambia ni uchovu tu. Aliliwaza jiko la manjano, na yeye ndani yake, na simu mezani isiyolia Desemba nzima. Akalia kidogo, akajifuta kwa aproni aliyosahau kuivua.

Akarudi ndani. "Sisaini."

"Utapata zako tu, elfu mbili mia moja na sitini! Zetu zote zinarudi. Na ile nyumba wataiuza kwa mwingine."

"Najua. Nipe karatasi ya kuacha mpango."

Karatasi ilikuwa na visanduku vya sababu: nimehama, nimepoteza kazi, nimekosa masomo, mwanachama amefariki. Hata marehemu alikuwa na kisanduku chake. Verlene aliviruka vyote, akaandika chini kwa herufi kubwa: NINA NYUMBA.

Bi Kessler alisoma, akapiga muhuri polepole.

"Hundi yako tuitume wapi?"

"Kule kule ninakopanga," alisema Verlene. "Ghorofa ya tatu, mlango wa nyuma."