Nani Alimwambia Mwezi wa Sita

...mwezi wa sita, anasema, Bwana ananionyesha mwezi wa sita, na mkono wake uko juu ya kichwa changu, mzito, una joto, unanuka kitunguu cha zile sambusa tulizokula kabla ya maombi, nami nimepiga magoti kwenye kapeti ya sebule yangu mwenyewe hapa Overport, Durban, Jumapili saa tisa mchana, macho nimefunga lakini si yote mawili, la kushoto nimeliacha wazi kidogo, Bwana nisamehe, kwa sababu nataka kuuona mdomo wa Mama Marie-Jeanne wa kanisani kwetu unapotamka mwezi wa sita, nataka kujua Roho Mtakatifu ameujuaje mwezi wa sita wakati Jumatano mume wangu Hardy ndiye aliyesema mwezi wa sita, pale mezani, simu mkononi, akinisomea, safari ya Kigoma wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba, mvua haiko, barabara kavu, mbu wachache, alisoma polepole kama anasoma Waefeso, na leo Roho naye anajua kwamba barabara zitakuwa kavu... amina, wanasema wote, amina, na Ezéchiel, mwenzetu mmoja wa maombi, anaisema kwa nguvu kuliko wote maana amekula sambusa sita na bado anaangalia sahani, nimemwona kwa jicho la kushoto... Kigoma, vakansi, likizo ya kutembea tu, hata neno lenyewe linanitia haya, miaka kumi na tisa Durban na sijawahi kupanda gari nikaenda mahali ambapo hakuna maiti wala harusi, mpaka mwaka huu tulipopewa zile dokima za safari, kitabu cha mkimbizi, ndani kimeandikwa nchi zote isipokuwa Kongo, basi kwetu hatuingii, lakini Kigoma tunaweza, upande wa Tanzania, tukae ukingoni wiki mbili, tule samaki, tuangalie ziwa, na ng'ambo ya lile ziwa ni milima ya Fizi, kwao Hardy, na ukipanda kaskazini ni Uvira, kwetu mimi, nami nilisema Desemba, nilisema tangu mwanzo, Desemba kiwanda anachofanyia kazi Hardy kule Jacobs kinafungwa, anakaa nyumbani wiki tatu analala tu kwenye kochi, Desemba mvua imeosha hewa, asubuhi moja ukiamka unaiona milima ng'ambo mpaka mikunjo yake, sasa mtu anayepewa wiki tatu bure Desemba kwa nini aende kumpigia bosi magoti ampe Juni, bosi ambaye hata ruhusa ya mazishi anaitoa kwa meno... Desemba iko mvua, mama, tutafungiwa ndani, alisema Hardy, nikamwambia wewe mtoto wa ziwa tangu lini unaogopa mvua, akasema nimezeeka, akacheka, lakini macho hayakucheka, hayo niliyaona kwa macho yangu yote mawili... ninaona maji matulivu, anasema Mama Marie-Jeanne, mkono unasukuma kichwa changu chini, maji matulivu, na watu wawili wamekaa kando ya maji, haleluya, watu wawili, nani hao wawili, mbona hasemi mume na mke, anasema watu wawili tu... na mimi najua jinsi hiki chakula kinavyopikwa, ndiyo shida yangu, mwizi anamjua mwizi mwenzake kwa hatua, kwa sababu mimi pia, Bwana unajua, sijawahi kumwambia mtu, miaka mitatu sasa, pale ninaposukia nywele, sokoni Warwick, mteja mmoja akiwa kwenye kiti changu aliniambia Papy amefukuzwa kazi, na mke wake Cathy hajui, kila asubuhi anavaa na kutoka kama kawaida, na Ijumaa ile ile kwenye maombi nikaweka mkono juu ya kichwa cha Cathy nikasema, na sauti nikaitetemesha, ninaona koti la kazi limetundikwa ukutani, ninaona koti ambalo halina mwenyewe, Cathy akaanguka akalia, alipofika nyumbani akamuuliza Papy, Papy akakiri, na tangu siku ile naitwa mama wa maono, naitwa hivyo kanisani mbele ya watu, wananiletea wagonjwa, wananiletea wasichana wanaotafuta waume, nami nimeila ile heshima siku kwa siku kama mkate, sikuonyeshwa kitu, nilisikia umbea wakati nasuka... ndiyo maana nikimsikia Mama Marie-Jeanne nasikia mtu nyuma yake, namsikia Hardy, nawaona wamesimama pale nje ya kanisa wiki iliyopita, karibu na robot, zile taa za barabarani, wanaongea chini chini, nami nilipofika wakaanza kuongea habari ya bei ya mafuta ya kupikia, Hardy, ambaye hajui hata chupa ya mafuta inakaa kabati gani... na nimejiandaa, nasema ukweli, nimeingia kwenye haya maombi na Desemba yangu chini ya ulimi, yeye akimaliza Juni yake mimi nitatetemeka kidogo, nitasema hapana, watu wa Mungu, ninaona mvua, ninaona mvua ya baraka, mwezi wa kumi na mbili, na watamwamini nani, mimi ndiye mama wa maono, Juni itakufa hapa hapa kwenye kapeti... kwa sababu Juni iko na Iteka ndani yake, jina lenyewe hilo, Iteka, Hardy alikaa kambi ya wakimbizi kule Kigoma miaka minne kabla hajashuka huku, na alikuwa na mwanamke kambini, ndiye huyo Iteka, aliniambia kabla ya ndoa, mbele ya pasta, nikasema nimesamehe, na sikusamehe, nilihifadhi tu, lakini mtoto hakumtaja, na kama mtoto yuko sasa ana miaka ishirini na kitu, au kumi na tisa, yuko shule za juu, analala shuleni, nikamuuliza Aysha mteja wangu, yeye amezaliwa hapa hapa Durban lakini mume wake ni mtu wa Tanga, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari ya hewa, eti Aysha, shule za Tanzania zinafunga lini, akasema mwanzo wa Juni, dada, na Desemba tena, kwani una mtoto huko, akacheka, nikamvuta nywele bila kutaka, akasema eish Mama Laurette, kichwa ni changu, mtoto ni wako... Juni, hiyo Desemba yake sikuisikia, shule zinafunga Juni, nani atakuwa nyumbani Juni amkaribishe baba yake, na mimi nimekaa ukingoni na kofia yangu ya vakansi... na nikafanya lingine, Bwana, nililifanya Alhamisi, Hardy yuko bafuni anaimba, nikachukua simu yake, nikatafuta Iteka, hakuna, nikatafuta kila mwanamke, ni mimi tu, na Laurette binti yetu, na huyu Mama Marie-Jeanne, kisha nikakuta sauti zimetumwa, yeye na Ruphin, yule waliyekaa naye kambini akabaki Kigoma anauza simu, nikaziweka sikioni, Hardy anauliza, ndugu, mwezi wa sita ng'ambo inaonekana, na Ruphin, haionekani kaka, Juni huku ni moshi tupu, watu wanachoma mashamba, vumbi, utaangalia maji mpaka macho yakuume, kama unataka kuona kwenu njoo mvua zikishaanza, na Hardy, hakungoja hata kidogo, sawa, basi ni mwezi wa sita... nilisikiliza mara tatu, nikasema shika hapo hapo, mtu anaambiwa hutaona kitu, anasema sawa, basi huyo hafuati ziwa, ana kitu kingine cha kuona kule, na moyo wangu ukafurahi, hilo nalo ni dhambi, ulifurahi kwa sababu umepata ushahidi... bomoa, Baba, bomoa kila kizuizi cha safari hii, anasema Mama Marie-Jeanne, na wote wanapandisha sauti, kila mtu anaomba lake, Papy analia kwa Kifaransa, chumba chote kinavuma, ni mmoja tu simsikii, Hardy, amepiga magoti hapa ubavuni kwangu, goti lake linagusa langu, Hardy ambaye akiomba majirani wa chini wanagonga dari kwa fagio, leo kimya, nageuza jicho la kushoto, amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano, mdomo umefungwa, pumzi ameishika, anasubiri nini huyu, anasubiri mimi, anasubiri niseme amina, mtu anayekwenda kwa mwanamke hasubiri hivyo, anayekwenda kwa mwanamke anaomba kwa sauti ili afunike... ameishika pumzi vile vile kama siku ile kwenye televisheni walipoonyesha ziwa, mtumbwi tu na watu wanaanika ndakala, vile vidagaa vya kwetu, akasimama kwenda kuchemsha maji ya chai ambayo yalikuwa yamechemka tayari, na pale ufukweni, hapa Durban, Jumapili tukienda, anakaa saa nzima anaangalia bahari, nami niliwahi kumuuliza unaona nini, akasema bahari hii ni nzuri, haina ng'ambo, nikacheka, niliwasimulia hata wenzangu Warwick, mume wangu anasema bahari haina ng'ambo, wakacheka... haina ng'ambo... moshi tupu, hutaona kitu, sawa, basi ni mwezi wa sita... ee Mungu... baba yake, mbona sikumfikiria baba yake, Hardy alinisimulia mara moja tu, mwaka wa ndoa, taa tumezima, kwamba siku waliyokimbia boti ilikuwa imejaa, na mzee akasema nenda, nitapanda ya pili, akakaa juu ya sanduku lake la mbao pale ufukweni, na Hardy akamwangalia, boti inakwenda na yeye anamwangalia, mpaka akawa kama mtoto, mpaka akawa doa, mpaka ikabaki milima peke yake, na milima haikwisha, alisema, tulifika Kigoma na milima bado iko, miaka minne kambini kila mvua ikikatika milima iko, ya pili haikuja, na hakulirudia tena neno hilo, nami sikuuliza, nilidhani limekwisha, nilikuwa nashughulika na Iteka... alimuuliza Ruphin apate uhakika wa moshi, ametafuta mwezi ambao unaweza kukaa kando ya ziwa lile kama mtu anakaa kando ya bahari, na ule ukurasa wa simu ukamsaidia, barabara kavu, mbu wachache, sababu za watu wengine, akazivaa... basi kwa nini aende kabisa, angekataa tu, lakini ni nani aliyelilia ziwa, ni mimi, miaka minne namwambia nataka kuona ziwa kabla sijafa, namwambia wewe huna moyo wa kwenu, nilimwambia hivyo mbele ya mtoto, naye akaenda kutafuta mwezi... na Uvira kwetu, Bwana, kutoka Kigoma Uvira huioni, Desemba wala Juni, ni mbali sana kaskazini, nililijua hilo siku zote, sasa Desemba nilikuwa nataka nione nini, nilitaka yeye aone, ndiyo, hili sikuwahi kulisema hata ndani yangu, nilitaka nimsimamishe pale, hewa imeoshwa, milima na mikunjo yake, alie, na mimi nimfute, mama wa maono, nirudi kanisani nishuhudie jinsi Bwana alivyomponya mume wangu kwa mkono wangu... au najidanganya tena, labda Iteka yuko, labda mtoto yuko, najaribu kulirudisha lile wazo na halisimami, linalegea kama nywele isiyofungwa mwisho... na huyu hapa na kitunguu chake, ndiyo, Hardy alimwambia, pale karibu na robot, kumbe ni kweli, Hardy ambaye akikosa chumvi anakula bila chumvi kuliko kumgongea jirani, alikwenda kwa mwanamke mwenye mdomo mkubwa kuliko wote kanisani akamwomba, niombee mwezi wa sita, aliogopa kiasi gani mpaka akafika huko, aliniogopa mimi kiasi gani... Mama Laurette, anasema Mama Marie-Jeanne, na sauti zote zinashuka, Papy anapenga kamasi, Mama Laurette, wewe mama wa maono, thibitisha, Bwana amekuonyesha nini, na Ezéchiel, sema mama, chai inapoa, mtu mmoja anacheka kidogo, na Desemba iko hapa chini ya ulimi, tayari, imetetemeshwa tayari, ningeitoa sasa hivi wangeanguka wote... sijaonyeshwa kitu, nitasema hivyo, sijaonyeshwa kitu mimi, na wakishangaa nitawaambia hata ile siku ya Cathy, Cathy yuko nyuma yangu, nasikia bangili zake, nitamwambia leo, au nitamwambia kesho, hapana, leo, lakini kwanza hili, goti la Hardy bado liko kwenye goti langu na bado hajavuta pumzi, mwezi wa sita, ndiyo, naukubali, tutakwenda, tutakaa ukingoni tuangalie moshi, na akiniuliza unaona kitu kule, nitamwambia hapana, papa, sioni kitu...