King'ora cha Saa Saba

Wageni wanaohamia mtaani kwetu siku hizi hupenda kusema kwamba mtaa una roho. Unayo, na ni roho mbaya. Nyumba zetu zilijengwa na kiwanda cha sabuni, mbili mbili zikichangia ukuta mmoja ili tajiri apunguze matofali, na ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba siri ya mtungi kwetu haikuhitaji kata, jirani alitosha. Tuko karibu na katikati ya jiji, tunaanika nguo huku tunayaona maghorofa yake, lakini hakuna aliyetujali mpaka bei ya viwanja ilipopanda. Kiwanda kilipofungwa kilikaa miaka kumi na saba kinaota majani juu ya paa. Sasa kimegeuzwa nyumba za kupanga zenye madirisha makubwa, na pale palipokuwa lango wanauza kahawa, kikombe kimoja kwa bei ya kandambili. Lakini usidanganyike na rangi mpya. Wazee waliobaki wanachukiana vilevile, na watoto wao wamerithi chuki hiyo pamoja na mabati.

Naijua vizuri kwa sababu mimi ni binti wa mpiga king'ora.

Juu ya lango la kiwanda kulikuwa na kibanda cha mbao, na ndani yake saa ya ukutani, mkono wa chuma na kidirisha cha juu kilichoonyesha bomba la moshi na mbingu tu. Mama aliuvuta mkono huo mara nne kwa siku: saa moja asubuhi watu waingie, saa sita wakale, saa saba warudi, saa kumi na moja watoke. Mtaa mzima uliamka, ukala na ukapumzika kwa sauti hiyo. Kisha ukaja mgomo. Wafanyakazi walikubaliana, na mama akiwemo, kwamba hakuna king'ora mpaka tajiri akubali kuongeza mapumziko. Siku ya tatu, saa moja kamili, mama alikipiga. Nusu ya mtaa walikuwa wameshavaa viatu kabla hawajakumbuka kwamba wamegoma. Wengine wakaona wenzao wanaingia, wakaingia nao. Jioni mgomo ulikuwa umekufa, na watu thelathini na mmoja wamefukuzwa, wa kwanza wao kiongozi wa mgomo, mtunza boila, ambaye mpaka leo anaitwa Mzee Boila.

Nilikuwa na miaka tisa. Miezi minne kabla ya hapo tulikuwa tumemzika baba, aliyeungulia humohumo kiwandani, na nilidhani kwamba kufiwa kungetupatia huruma kidogo. Haikupatikana. Bombani walihamisha ndoo zao nilipofika. Darasani niliitwa mtoto wa msaliti mpaka mwalimu mwenyewe akajisahau akaniita hivyo. Basi nikatunga jibu: mama alilazimishwa, nyapara alimshika mkono akauvuta kwa nguvu. Nililisema jibu hilo kwa watoto, nikalisema kwa wazazi wao, na kwa wawili watatu nililisema kwa ngumi. Mama hakuwahi kulikubali wala kulikana. Mwisho nikaliamini mimi mwenyewe kabisa, kama niliyekuwepo.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Hakuna duka mtaani ambalo halina mwandiko wangu, hata la fundi viatu ambaye hajanisalimu tangu harusi ya dada yake. Chuki yao haijawahi kuwazuia kutaka herufi zilizonyooka. Kwa hiyo Katibu wa chama cha wakazi, kijana mgeni mwenye miwani na furaha isiyo na sababu, alipotaka ubao mkubwa wa historia ya mtaa usimamishwe penye mzunguko wa barabara, alikuja kwangu. Nikapima, nikapaka rangi ya chini mara mbili, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki. Kisha akanipa karatasi ya maneno yaliyopitishwa na kamati. Aya ya nne ilisema: "Siku ya tatu ya mgomo, mpiga king'ora aliwasaliti wenzake."

"Hii siandiki," nikamwambia.

"Dada fundi, ndiyo kumbukumbu za wazee."

"Basi mwambie mmoja wao ashike brashi."

Tulivutana wiki mbili. Mama ana miaka themanini na moja, macho yake yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu, na ubao ule ungesimama muda mrefu kuliko yeye. Wajukuu wangu wangepita pale kila siku wakienda shule. Nilitaka neno moja tu liandikwe, "alilazimishwa", na niliapa kwamba bila neno hilo ubao utabaki na pengo. Mwishowe Katibu akasema Jumamosi saa tatu asubuhi kamati nzima ikutane mbele ya ubao, tumalize.

Sikumwambia mama. Lakini ukuta ni uleule mwembamba, na Jumamosi nilipokuwa natoka na ngazi begani nilimkuta mlangoni amevaa, fimbo mkononi.

"Twende," akasema. "Nataka kuusikia."

Wazee watano wa kamati walikuwa wameshafika, wamesimama upande wa kivuli. Mzee Boila alikuwa katikati yao, ameegemea mkongojo, shingo imebaki mishipa mitupu lakini sauti ni ileile ya kuamrisha. Pembeni yake Bibi Mfungaji, aliyefunga sabuni kwenye karatasi miaka ishirini na sita. Nilimkalisha mama kwenye kopo langu kubwa la rangi, nikageuza mfuniko upande mkavu.

"Huyo amekuja kufanya nini?" Mzee Boila akaniuliza mimi, kana kwamba mama ni mzigo niliouleta.

"Kusoma."

"Kwa macho gani?"

"Kwa haya yangu. Na leo mtaandika ukweli. Alilazimishwa. Nyapara alimshika mkono."

Mzee Boila akacheka bila furaha. "Siku ile nyapara alikuwa nje ya lango, tumemzunguka, tunampa vidonge vyake. Mimi nilikuwa nimeshika ukosi wa shati lake. Sasa huo mkono aliushika na nini, na miguu?"

Wazee wakaguna. Nilifungua mdomo nimrudishie, nilikuwa na maneno mengi tu ya kumrudishia.

"Hakunishika mtu," mama akasema.

"Mama."

"Nyamaza, mwanangu. Umenitetea kwa uongo tangu una meno ya utoto, na mimi nikakuacha kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilikipiga kwa hiari yangu." Aligeuza uso kuelekea sauti ya Mzee Boila. "Na kama kingekuwepo, leo ningekipiga tena."

Miaka arobaini na nne ya ugomvi, meno mawili ya watu niliyoyang'oa, marafiki niliowapoteza, yote kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe ameketi juu ya kopo langu anakikana kwa sauti ya kawaida. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kuukasirikia mtaa.

"Haya, mmesikia," Mzee Boila akasema. "Andika."

"Sijamaliza," mama akasema. "Mume wangu alitumbukia kwenye tangi la magadi makali ya sabuni. Mlikuja kuniambia jioni, mkasema ametumbukia saa saba na robo, amekufa palepale. Mimi nilikuwa juu kibandani. Mchana kutwa nilikuwa naliona bomba la moshi, halikusimama kutoa moshi. Mlichemsha sabuni mpaka saa kumi na moja, na mwenzenu yuko chini ya magunia humohumo ndani. Hakuna aliyeweka chombo chini, hata dakika moja. Halafu miezi minne baadaye mnagoma, mnataka dakika kumi zaidi za kupumzika. Mnanitaka na mimi nigome nanyi. Siku mbili nilivumilia. Siku ya tatu nikasema, hawa kwa mtu hawasimami, wanasimama kwa dakika kumi. Nikavuta."

Katibu alikuwa ametoa kalamu. "Hii ni muhimu sana kihistoria, bibi," akasema, na nusura nimpake rangi usoni.

Lakini nilikuwa nawatazama wazee. Nilitegemea watukane, ndiyo kawaida yao. Hawakutukana. Mzee Boila alikuwa anaugonga mkongojo kwenye lami, na Bibi Mfungaji alikuwa amemshika mkono wa koti.

"Acha," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, fundi. Andika unavyotaka. Andika alilazimishwa, mimi nakubali, wote tunakubali."

Hapo ndipo nilipoogopa. Bibi Mfungaji hajawahi kunikubalia kitu maishani mwake.

Mzee Boila akajinasua. "Nimefukuzwa kazi kwa ajili yake. Mke wangu alifariki bila dawa kwa ajili yake. Nimemeza, nikasema basi, ni mjane. Sasa anakuja kutuambia hatukusimama?" Alimsogelea mama mpaka kivuli chake kikamfunika. "Hakutumbukia saa saba na robo. Alitumbukia saa sita na nusu."

Mama akainua uso.

"Wakati wa kula. Alibaki peke yake kusafisha tangi, tukasikia kelele, tukakimbia. Alikuwa hai. Aliungua kuanzia kifuani kushuka, lakini alikuwa hai, anaongea, anaomba maji. Nyapara akasema tungoje gari. Gari halikuja. Tukang'oa mlango wa stoo, tukamlaza juu yake, watu sita tukambeba tumpeleke hospitali kwa miguu. Kazi ilisimama, unasikia? Kiwanda kizima kilikuwa uani, hakuna aliyekuwa na mkate mkononi. Tumebakiza hatua ishirini kufika langoni, king'ora kikalia."

Wanywaji wa kahawa wa upande wa pili walikuwa wamegeuza viti.

"Nyapara akasema, king'ora kimelia, atakayevuka lango sasa hivi asirudi tena. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kichwa chini, kama kuku. Tukaushusha mlango. Akafa saa nane kasorobo, gari halijafika. Jioni tukakaa, tukasema huyu mwanamke asijue. Tutamwambia saa saba na robo, na kwamba hakuumia. Ndivyo tulivyokubaliana, na ndivyo tulivyofanya."

Niliwatazama mmoja mmoja. Wote wanatazama chini. Walikuwa wametuita wasaliti, wametuhamishia ndoo, wamekataa kukaa nasi kwenye misiba yao. Kila tusi lililopo duniani walitutupia, hata walevi wao, hata wakigombana nasi uso kwa uso. Hili la king'ora cha saa saba walikuwa nalo mkononi muda wote na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitupa. Nilitaka kuwachukia kwa mazoea na sikuweza, na hilo nalo likanikera.

Mama alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Wa kwanza kushusha mlango alikuwa nani?" akauliza.

"Mimi," Mzee Boila akasema.

"Umenificha la kwangu ili ufiche la kwako."

"Nimeficha yote mawili," akasema. Hakuomba radhi, wala mama hakumpa nafasi ya kuomba.

"Mwanangu, panda ngazi."

Katibu akakohoa. "Bibi, lakini maneno yaliyopitishwa na kamati..."

"Kaa kimya wewe," Mzee Boila akamwambia.

Nikapanda. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mistari minne, nikabana herufi. Mama alinitajia saa, Mzee Boila akanitajia tangi lilikuwa la ngapi. Kila mmoja alizungumza na mimi tu, na mmoja alipokuwa akisema mwenzake aligeuza uso pembeni. Mzee Boila akataka jina lake liwekwe kwa aliyeshusha mlango. Mama akataka lake kwa ving'ora vyote viwili. Mkono wangu, ambao haujawahi kukosea herufi, ulikosea mara tatu, nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Nilipomaliza nikashuka. Wazee hawakuondoka, na hawakusogea karibu.

"Nisomee," mama akasema.

Nikamsomea. Kwamba saa sita na nusu mchana mtu mmoja aliungua akisafisha tangi la tatu, na wenzake wakaacha chakula wakambeba juu ya mlango. Kwamba saa saba king'ora kililia, wakamshusha. Kwamba miezi minne baadaye kililia tena, na mgomo ukavunjika. Na majina.

"Weka kamili," akasema. "Saa saba kamili. Sikuwahi kuchelewesha hata dakika moja."