Kigezo cha Saba

Kidonda kilikuwa juu ya nyonga, kipana kama kiganja, na kilinuka. Shangazi alibandua kitambaa taratibu, akikilowesha kwa maji ya chumvi, kwa kuwa kilikuwa kimegandia nyama. Wanafunzi wawili wa chuo cha ustawi wa jamii walisimama nyuma yake. Wa kiume alitoka mbio, wakamsikia akitapika uani. Wa kike alibaki, akamshika mgonjwa bega.

"Mgeuze polepole," Shangazi alimwambia. "Huyu ni mtu, si gunia."

"Gunia lina uzito," mgonjwa alisema, uso ukiwa juu ya mto wa kulalia. "Mimi nimebaki mifupa na maneno."

Mama huyo alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomlaza. Jamaa hakuwa nao. Kila baada ya siku moja Shangazi alikuja kumgeuza, kumwosha na kuandika kwenye faili lake hali aliyomkuta nayo. Kwa miaka kumi na minane ndivyo alivyowafunza wanafunzi wa chuo kile kazi ya mitaani: aliwapeleka wakashika kwa mikono yao. Shahada hakuwa nayo. Hata wahadhiri walimwita Shangazi.

Wiki ile mkuu wa idara alimwita ofisini.

"Shangazi, baraza la ithibati linakuja kutukagua. Msimamizi wa mafunzo ya vitendo sasa lazima awe na shahada. Si mimi, ni vigezo."

"Na wagonjwa wangu?"

"Msimamizi tumeshampata. Wewe tuachie mafaili. Utabaki hapahapa idarani, chai yako tunaipenda."

Aliyaacha. Alidhani huyo mpya atataka kujua nani anageuzwa siku gani.

Siku ya tatu alikwenda kwa fundi. Jirani, aliyekuwa akimnywesha mgonjwa uji uliotolewa na chuo, alimzuia mlangoni akiwa na barua yenye muhuri wa chuo.

"Nisamehe, Shangazi. Wamesema asiye na sifa akimgusa, wanakata uji. Hata mimi naogopa kumgeuza."

"Wao wamekuja?"

"Barua ndiyo imekuja."

Siku ya ukaguzi Shangazi alivishwa aproni. Wakaguzi walikuwa watatu, na walikuwa wameshashiba, lakini waliendelea kula. Walipofika kigezo cha saba, haki ya jamii, mkuu wa idara alibonyeza kitufe. Ukutani ikatokea nyonga ya fundi, kubwa kama mlango, kidonda kikiwa wazi na jina lake kamili chini yake.

Mkaguzi mkuu alisogeza kiti. Kinywani mlikuwa na keki. "Huu ndio ushahidi tunaoutaka," alisema, na makombo yakamdondokea kwenye tai. "Chuo kinachogusa wanyonge."

Shangazi aliweka birika mezani.

"Samahani. Picha hiyo niliipiga ili nimwonyeshe daktari wa zahanati, nikaiweka kwenye faili. Mwenyewe hajui kama iko hapa. Hakuruhusu. Na hajageuzwa siku kumi na moja."

"Shangazi," mkuu wa idara alisema kwa upole, "sukari imekwisha."

Lakini mkaguzi alikuwa ameshaacha kutafuna. "Fomu ya ridhaa haipo? Hilo ni pengo."

"Litazibwa kesho asubuhi, mheshimiwa."

"Na kugeuzwa je?" Shangazi aliuliza.

Mkaguzi alipekua kitabu cha vigezo, kurasa kadhaa mbele, kadhaa nyuma, kwa dhati kabisa.

"Kugeuzwa hakumo humu," alisema.

Asubuhi Shangazi aliwatangulia kufika kwa fundi. Msimamizi mpya alikuja na barakoa na glovu, pamoja na yule mwanafunzi wa kike, aliyebeba kidau cha wino. Harufu iliwapokea tangu uani. Shangazi alipotaka kupita, sauti ilitoka kitandani, nyembamba.

"Shangazi, usiingie. Watakata uji."

Akasimama kizingitini.

"Mama," msimamizi alisoma fomu, "una haki ya kukubali au kukataa kutumika kwa taarifa zako. Umeelewa?"

"Nigeuzeni."

"Tutafika huko. Tuanze na haki yako."

"Nikikataa?"

Msimamizi alitazama fomu. Jibu la swali hilo halikuwemo. "Utakuwa umejiondoa kwenye mradi," alisema hatimaye. "Pamoja na uji."

Mwanafunzi aligeuka. "Shangazi, nimgeuze?"

"Wewe bado hujafuzu," msimamizi alimkata. "Lete wino."

Fundi alikuwa ametazama ukuta, na nzi wawili walitembea kwenye shuka, pale ilipolowa. Msimamizi alimshika mkono kwa ncha za vidole, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza juu ya karatasi, kisha akaipuliza ikauke. Aliuachia mkono. Ukaanguka nje ya godoro, ukaning'inia.

"Hiyo ni ya chuo, bado ya baraza," alisema, akatoa karatasi nyingine mkobani, akainama, akauinua tena.