Mwanafunzi wa Ghala la Chini

Jumatatu jioni, baada ya kutoka kazini, mhasibu wa kiwanda cha rangi aliweka kompyuta juu ya sufuria iliyogeuzwa kifudifudi ili kamera isimchukue kidevu peke yake. Juu alivaa blauzi ya ofisini aliyoipiga pasi kola na mikono tu. Chini alivaa suruali ya kulalia. Alikuwa na kazi ya ziada sasa: kufundisha wahasibu wanafunzi kwa njia ya mtandao, jioni mara mbili kwa wiki, kwa niaba ya chuo ambacho hajawahi kukanyaga mlango wake. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa ameacha katikati ya muhula. Mratibu wa chuo alisema ni presha.

Wanafunzi walijitokeza mmoja mmoja, kila mtu kwenye kidirisha chake. Wote walikuwa watu wa kazi za mchana. Karani wa kituo cha mafuta alikuwa bado amevaa kofia ya kazini. Muuza dawa alikaa kaunta na kila mara alinyamaza kuhudumia mteja. Kona ya chini kulikuwa na kidirisha kilichoandikwa Ghala la Chini, kwa sababu kompyuta ilikuwa ya ofisi na hakuna aliyebadilisha jina. Humo alikaa msichana wa miwani, nyuma yake ukuta wa kijani uliobanduka rangi, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Maji yalikuwa na povu. Msichana aliegemeza daftari kwenye rafu na kuandika kila neno.

Mhasibu alimwuliza kama bomba limepasuka hapo alipo.

Karani wa kituo cha mafuta alimjibia. "Huyo alikufa kwenye mafuriko ya mwaka jana, mwalimu. Sisi tunamwita Ghala. Hakosi kipindi." Kisha akauliza kama uchakavu wa mashine utakuja kwenye mtihani.

Mhasibu alisema utakuja. Alifundisha uchakavu mpaka mwisho wa kipindi, huku akibonyeza vitufe visivyo. Alipofunga kompyuta aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake alimpigia mratibu. Mratibu alisikiliza, kisha akasema mwanafunzi huyo amesajiliwa mpaka mwisho wa mwaka, mahudhurio yake ni mazuri kuliko ya wote, na kanuni za chuo zinazungumzia utoro, udanganyifu na lugha chafu tu. Alikiri kwamba hata mwalimu wa kwanza alikuwa amelileta suala hilo. Aliomba mwanafunzi asivunjwe moyo.

Kwa hiyo aliendelea. Hofu haikupungua, ila ilizoea ratiba: iliingia mchana siku za kipindi, akiwa kiwandani, na haikutoka mpaka aseme kwaheri darasani. Ghala hakufanya la kutisha. Aliinua mkono kabla ya kuuliza. Aliuliza bidhaa zilizolowa zinaandikwa upande gani, na kama mtihani unaruhusu kutumia kikokotoo. Wenzake walimwomba tu azime maikrofoni akiwa haongei, kwa sababu ya sauti ya maji.

Jioni moja mhasibu alimwomba abaki wengine wakishatoka, akamwuliza ilikuwaje. Ghala alieleza kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni dukani. Alikuwa mwanagenzi kwenye ghala la sabuni, ng'ambo ya mtaro mkubwa. Siku ya kuhesabu mali, meneja humfungia anayehesabu kwa kufuli la nje, ili katoni zisitoke wakati hesabu inaendelea, na ufunguo huondoka nao. Mvua ilinyesha, mtaro ukafurika.

"Nilipiga mlango mpaka mikono ikachoka," alisema. "Mlinzi alinisikia. Ufunguo hana."

Mhasibu alimpa pole. Ghala akashukuru, akauliza kazi ya nyumbani ni ya lini.

Mhasibu aliishi na mdogo wake tangu mama yao afariki. Alikuwa amemlea mwenyewe, akamsomesha, akamsuka nywele mpaka alipokataa kusukwa. Majirani walimwita Kibiriti, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyowaka upesi. Kibiriti naye alikuwa amemaliza cheti cha uhasibu na kwa muda mrefu alikuwa akizungusha maombi ya kazi bila kujibiwa hata kwa matusi. Sasa siku moja alirudi nyumbani anaimba. Amepata nafasi ya uanagenzi, alisema, na ameanza leo leo. Alimkumbatia dada yake. Alinuka sabuni, na kwenye mkono wa blauzi yake kulikuwa na vipande vya rangi ya kijani.

Mhasibu alikaa chini. Alimweleza yote, tangu povu hadi kufuli. Kibiriti hakubisha hata kimoja. Alisema wafanyakazi wa pale walishamwambia kuhusu huyo dada, na kwamba kiti chake ndicho anachokalia.

"Lakini dada, mafuriko hayaji kila mwaka," alisema. "Na kazi haiji kila mwaka."

Kisha akaomba dada amsalimie mwenzake, na amwulizie ufunguo wa droo ya pili, kwa sababu haifunguki.

Jioni iliyofuata Ghala alipewa salamu. Alisema droo haina ufunguo. Inainuliwa kidogo ndipo ivutwe. Kesho yake droo ikafunguka. Kibiriti alifurahi sana, na jambo hilo lilimtisha mhasibu kuliko yote yaliyotangulia, kwa vile sasa hao wawili walikuwa na mazoea.

Alimbembeleza mdogo wake aache. Walinuniana. Walipopatana, Kibiriti alikubali jambo moja tu: siku ya kuhesabu mali atajifanya mgonjwa. Hesabu ilikuwa ya mwisho wa mwezi, kulikuwa na muda. Tangu hapo mhasibu alianza kutazama mawingu. Kiwandani alihama meza ili akae karibu na dirisha. Wenzake walidhani anataka hewa.

Mwezi haujafika mwisho, Alhamisi moja mvua ilianza saa tisa alasiri, nzito, ya moja kwa moja. Mhasibu alifika nyumbani amelowa na hakumkuta Kibiriti. Simu yake iliita bila kupokelewa. Alijiambia yuko njiani, amejikinga mahali. Alifungua kompyuta kwa sababu muda ulikuwa umefika na kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Darasa lilikuwa kamili. Alianza kueleza usawazishaji wa hesabu za benki. Hakuwa amefika mbali Ghala alipoinua mkono. Maji yake yalikuwa yamepanda, sasa yalikuwa kifuani.

"Mwalimu, samahani kukukatiza," alisema. "Kuna msichana humu ndani. Mwembamba. Anahesabu katoni. Namwita, hanisikii."

"Hesabu ni ya mwisho wa mwezi," alisema mhasibu.

"Wameiwahisha. Inafanywa leo." Ghala aligeuka, akatazama kitu kisichoonekana kwenye kamera. "Yeye kwake maji ndiyo yanaingia sasa, kwa chini ya mlango. Kufuli liko nje."

Muuza dawa alisema, "Nenda, mwalimu. Sisi tutafanya mazoezi ya ukurasa uliopita."

Alitoka hivyo hivyo, blauzi juu na suruali ya kulalia chini. Barabara ilikuwa imegeuka mto mdogo. Waendesha pikipiki walikuwa wamejibanza chini ya paa la duka na hakuna aliyekubali kwenda upande wa mtaro. Alikimbia. Kila alipopumua alisikia sauti ya maji ambayo hakujua kama ni ya barabarani au ya kipindi. Daraja dogo la mtaro lilikuwa bado linaonekana, lakini vyuma vyake vya pembeni peke yake. Alivishika akavuka. Alikuwa akilia bila kujua, na mvua ilimfichia.

Ghala lilikuwa jengo refu la matofali, sakafu yake chini ya usawa wa barabara, na dirisha moja la nondo, juu sana. Mlinzi alisimama mlangoni na koti la mvua, maji yakipita juu ya buti zake. Mlango ulikuwa unapigwa kutoka ndani, taratibu, kwa mpango, kama mtu anayetwanga.

"Fungua," mhasibu alimwambia. "Mdogo wangu yumo."

"Ufunguo sina, mama," mlinzi alisema. "Na mwaka jana pia sikuwa nao."

Alisema amempigia meneja. Meneja amejibu anasubiri mvua ipungue. Alimtazama mhasibu usoni, kisha akatazama mlango. Halafu akauegemeza ukutani mtaimbo aliokuwa ameushika, akasema anakwenda kukagua upande wa nyuma, akaondoka polepole bila kugeuka.

Mhasibu hakuwahi kushika mtaimbo maishani. Aliusokomeza kwenye pete ya kufuli akauning'inia kwa uzito wake wote. Uliteleza, ukamkwangua mkono. Aliurudisha. Kufuli lilikuwa zuri na halikukatika, ila komeo liling'oka ukutani pamoja na skrubu zake na kipande cha tofali, mlango ukasukumwa na maji kutoka nje na kumwingiza ndani kama mgeni aliyekawia.

Kibiriti alikuwa amepanda juu ya meza, amepiga magoti, ameshika ubao wa rafu aliokuwa akipigia mlango. Sauti ilikuwa imekwisha. Maji yalikuwa usawa wa meza na povu lilianza. Alimwangukia dada yake shingoni jinsi alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo wakitoka kwa daktari wa meno, na dada akambeba, ingawa Kibiriti alikuwa amemzidi urefu tangu zamani.

Kabla ya kutoka mhasibu aliangalia nyuma. Ukuta ulikuwa ule ule wa kijani. Juu ya rafu kulikuwa na kompyuta ya ofisi iliyokufa kwa maji mwaka uliotangulia, matope yamekauka kwenye vitufe vyake. Hapakuwa na mtu mwingine. Alisema asante hata hivyo, akielekea kwenye rafu.

Kesho yake alikwenda kuzungumza na meneja. Meneja alikuwa mtu mpole, alimvutia kiti. Alisema anashukuru Mungu hakuna aliyeumia, na katoni nazo zilikuwa na bima. Kuhusu kufuli, alieleza kwamba tangu waanze kulitumia wizi umekwisha kabisa. Mhasibu alimwuliza kuhusu yule wa mwaka jana. Meneja alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema alikuwa mfanyakazi mzuri, na kwamba wakati mwingine hata sasa asubuhi wanakuta katoni zimepangwa vizuri kuliko walivyoziacha. Kibiriti alikuwa ameondolewa kazini kwa kuacha hesabu katikati. Nyuma ya meneja fundi alikuwa anapima mlango ili afunge komeo la chuma kinene zaidi.

Alikwenda polisi. Askari aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri bila kuinua kichwa. Alipoulizwa nani alishuhudia ya mwaka jana, mhasibu alisema marehemu mwenyewe, na kwamba yuko tayari kueleza. Askari aliandika hilo pia. Kisha akauliza kama marehemu anaweza kufika kituoni kuweka sahihi. Mhasibu alisema hawezi kutoka ghalani. Askari alifunga jalada, akaliweka juu ya majalada mengine, akamwambia hilo ndilo tatizo la kesi nyingi. Mlinzi, alipoitwa, alisema siku ile alikuwa upande wa nyuma wa jengo.

Kibiriti alilala siku kadhaa akiwa amewasha taa. Baadaye alipata kazi ya kugawa vitabu kwenye maktaba ya shule, chumba chenye milango miwili, na taratibu akaanza tena kuwaka upesi. Nyumbani sabuni waliinunua ya aina nyingine.

Muhula ulipokwisha mratibu alimwuliza mhasibu kama presha nayo imemwanza, maana alikuwa anatafuta mwalimu wa akiba. Mhasibu alisema ataendelea. Aliomba hata mkataba wa mwaka mzima, na apewe vipindi vyote vya jioni, siku zote za wiki. Mratibu alistaajabia bidii yake.

Ghala naye alijisajili upya. Jinsi alivyofanya hakuna aliyeuliza. Kipindi cha kwanza aliripoti kwamba kiti kimepata mtu: kijana wa kiume safari hii, mcheshi, anaimba akihesabu. Mhasibu alimtafuta kijana huyo, akamkuta nje ya ghala wakati wa mapumziko, akamweleza kila kitu. Kijana alimsikiliza kwa heshima. Alisema anajua, aliambiwa siku ya usaili, na amenunua buti.

Siku za jua darasa huanza kama madarasa mengine. Lakini mawingu yakijikusanya mhasibu huvaa viatu vya kukimbilia kabla hajawasha kompyuta, na mtaimbo alioununua dukani huuweka kando ya kiti. Wanafunzi hunyamaza wenyewe. Muuza dawa huwaambia wateja wasubiri kidogo.

"Ghala," mhasibu husema, "hebu angalia mlango."

Ghala huweka kalamu, hushuka kwenye maji, hutoka kwenye kidirisha. Darasa husikia kitasa kikizungushwa, kisha kikizungushwa tena. Kisha hurudi, hukaa, hufuta miwani yake iliyolowa kwa mkono uliolowa.

"Umefungwa, mwalimu, ila leo niko peke yangu humu," husema, na wote hufungua ukurasa wa siku hiyo.